Nusu ya Mzingo

Jumamosi, 5 Aprili

Tumegawana. Naandika nikiwa na mikwaruzo ya miiba hadi kwenye viwiko, lakini nina kiwanja. Mie Rukaiya binti Kondo, mwalimu wa hisabati wa darasa la tano, mpangaji wa vyumba viwili Kiwalani kwa miaka kumi na mmoja, nina kiwanja changu Pugu, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni kwangu. Masika haya yatakuwa ya mwisho mie na binti yangu kulala juu ya maji.

Baba alifariki Januari. Alichoacha ni kile kipande kilichobaki baada ya barabara kupita, pembetatu yenye mkorosho kwenye ncha ya juu. Watoto wake ni wawili tu, kaka Salumu na mie. Ustadhi amesema lililo wazi: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa tukate vipi.

Shangazi Tunu, dada yake baba, alikuwa kaketi kwenye mkeka kama hakimu. Akasema, "Kwetu ardhi huzungushwa. Salumu, zunguka, hesabu hatua." Ni kweli, wazee wetu ndivyo walivyo. Ukimuuliza mtu shamba lake kubwa kiasi gani, anakwambia hatua mia na sitini kuzunguka, basi, mmeelewana.

Mie nikasema hapana. Hatua za Salumu ndefu, za shangazi fupi, hatua zinadanganya. Wiki ijayo shule zikifunguliwa nafundisha mzingo wa pembetatu, na kamba ya shule nilikuwa nayo kwenye mkoba, ina fundo kila mita moja. "Acheni mwalimu afanye kazi yake," nikasema. Mjumbe Shomari, aliyekuja kushuhudia kwa niaba ya serikali ya mtaa, akacheka. "Haya madam, leo tuko darasani."

Upande wa mtaroni, kule barabarani, mita ishirini na sita. Upande wa njia hamsini na tano. Upande wa jirani, kwenye ua wa minyaa, hamsini na moja. Pande tatu, hakuna unaolingana na mwenzake, yaani pembetatu guni. Nikafunga kamba kwenye mkorosho, nikaivuta hadi njiani ili kila mtu apate pembetatu yake, nikawa nasogeza kigingi mpaka mzingo wangu uwe nusu ya mzingo wa Salumu. Fungu moja kwa mafungu mawili. Nilisogeza saa nzima. Kigingi kilipofika mita kumi kutoka mtaroni, kamba ya katikati ikasoma ishirini na nne. Kumi, ishirini na nne, ishirini na sita: sitini. Upande wa Salumu arobaini na tano, hamsini na moja, na ile ishirini na nne yetu sote: mia na ishirini. Nusu kamili. Na pale kwenye kigingi pembe zote mbili ni mraba, kona ya daftari inaingia bila mwanya. Nimefundisha miaka kumi na minne, sijawahi kuona namba zinajipanga hivyo porini.

Shangazi alisema ni baraka ya marehemu. Salumu alisimama mikono kiunoni, akaangalia kule, akaangalia huku. Kisha akasema, "Mwalimu kamaliza." Mjumbe akaandika, tukatia saini. Ustadhi akasoma Fatiha, na kama ilivyo kwetu, tukashikana mikono tukahalalishiana: kilichozidi kwako nimekuachia halali. Mie ndiye niliyeanza kutamka.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Maji yamefika kizingitini. Tumepandisha kitanda matofali mawili.

Alhamisi, 10 Aprili

Somo la mzingo limekwenda vizuri mno. Nimewapa uzi na misumari. Pembetatu sawa, upande mmoja mara tatu, mtu asihangaike. Pembetatu pacha, zile mbili zinazofanana zijumlishe, kisha ongeza wa tatu. Guni haina njia ya mkato, unapima zote. Wakauliza itatusaidia nini, kama wanavyoulizaga kila mwaka. Safari hii nilikuwa na jibu. Nikachora kiwanja chetu ubaoni, na namba zake, nikawaeleza jinsi mwalimu wao alivyogawa urithi bila watu kugombana. Wamenipigia makofi. Na mie nikayapokea.

Jumapili, 13 Aprili

Najat amechora nyumba. Binti yangu yuko kidato cha pili na anajua anachotaka: chumba chake, na dirisha lisilotazama choo cha mtu. Mita nane kwa tisa, vyumba viwili, sebule, jiko la ndani. Nimemruhusu abandike mchoro ukutani, juu kabisa, maji yasiufikie.

Salumu ameleta mbaazi na nazi tatu. Kaka yangu si mtu wa maneno, ila mkono wake hauji mtupu. Tangu baba afe amekuwa hivyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Matofali matatu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilipita kiwanjani. Salumu keshashusha kokoto na mchanga, keshachimba nusu ya msingi. Huyu ni fundi tailizi, wenzake ni mafundi, wanasaidiana. Nikamtania, "Kaka, una haraka gani, kiwanja kitakukimbia?" Akasema mvua ikikatika bei za saruji zinapanda. Mkewe, wifi Naima, alinikaribisha uji kwenye kibanda cha mabati, hakunitazama usoni. Nimedhani amechoka, ana mimba ya sita.

Jumamosi, 26 Aprili

Mungu wangu, nianzie wapi.

Leo Jumamosi, tena sikukuu ya Muungano. Nilimleta fundi Albano, mtu wa Songea, mpole, ndiye aliyejenga vyoo vya shule yetu. Nikampa mchoro wa Najat. Akaacha mita moja na nusu kutoka mpaka wa Salumu, mita moja na nusu kutoka njiani, akapigilia mambo, vile vigingi vya mafundi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafunga uzi. Kisha akawa anatembea na mambo ya nne mkononi, anapima, anarudi, anapima. Mie nimesimama na mwavuli. Mwisho akaniita.

"Madam, kona ya nne imeangukia ng'ambo ya mtaro."

"Pima tena."

"Nimepima mara tatu. Nyumba haiingii."

Nikamwambia futi yake mbovu. Nikachukua kamba yangu ya shule, ile ile, nikapima mwenyewe mbele yake. Kona ya nne ikaenda ng'ambo ya mtaro, kwenye nyasi za barabarani. Albano akajaribu kuigeuza nyumba, akajaribu kuibana. Akasema chumba kimoja na sebule ndogo labda, ila Najat asahau dirisha. Kisha akageuka akatazama upande wa Salumu, ambako zingeingia nyumba tatu kama ile na uwanja wa kuanikia nguo ukabaki. Akauliza kwa adabu zake zote, "Samahani madam, mligawana vipi?"

Nikamwambia fungu moja kwa mawili.

Akanyamaza. Mtu mzima akinyamaza namna ile mbele yako unajua tayari umekwishaaibika, hujui tu ni kwa lipi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimepiga hesabu. Ilinichukua dakika mbili, ndilo linaloniuma. Kumi mara ishirini na nne, gawa kwa mbili: eneo langu skwea mita mia na ishirini. Arobaini na tano mara ishirini na nne, gawa kwa mbili: lake mia tano na arobaini. Hiyo si mara mbili, ni mara nne na nusu. Kiwanja kizima ni mia sita na sitini, theluthi yangu ilikuwa mia mbili na ishirini. Skwea mita mia moja zangu ziko kwa kaka yangu, na aliyempa ni mie, kwa kamba yangu, kwa mdomo wangu.

Mzingo ni safari ya kuzunguka ukuta. Watu hawalali ukutani, wanalala ndani. Hili nalifundisha kila mwaka, mada inayofuata, ukurasa unaofuata. Ningesubiri wiki tatu tu kugawana ningekuwa nimeshafika kwenye eneo. Mjinga mie. Wale wazee waliozungusha mashamba kwa hatua walikuwa na mapori, ikizidi ikipungua nani alijali. Mie nilikuwa na mita kumi.

Nimebaki na moja la kujifariji: Salumu hajui. Kaishia darasa la tano, maskini. Nikimweleza taratibu ataelewa.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo ndiyo nilipaswa kuanza eneo. Nimewapa zoezi la kunakili.

Ijumaa, 2 Mei

Siku sita sijasema kwa mtu. Kila nikitoka shuleni miguu inakwenda upande wa kiwanjani, nafika kwenye kona, narudi. Naogopa. Si Salumu namwogopa, naogopa sentensi yenyewe. Mwalimu wa hisabati amekosea pembetatu. Najat anauliza msingi unaanza lini, namwambia mvua. Msingi wa Salumu umekwisha, wanaanza kupandisha kuta.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda. Nilimkuta Salumu anafundisha vijana wake kupanga tofali, shangazi Tunu kaketi mlangoni pa kibanda anachambua mchicha. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Nikamvuta kaka pembeni, lakini si mbali sana, shangazi alitusikia.

Nikaanza kumweleza, polepole, kama ninavyowaelezaga watoto. Nikachora chini kwa kijiti. Nimefika katikati akanikata.

"Rukaiya, usijichoshe. Mie watu wananiita kila siku. Naingia chumbani, naangalia sakafu, nawaambia boksi ngapi za tailizi. Sijakosea boksi mbili tangu nimeanza kazi."

Nikamtazama.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua hata kabla hujakunja kamba."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unafundisha. Mbele ya mjumbe, mbele ya ustadhi. Ningemkatizaje mwalimu?"

Alisema bila kucheka. Ningemwona anacheka ningemrukia. Nikamwambia huo ni wizi, kaka, hakuna jina lingine. Akasema wizi ni kuchukua, yeye alipewa. Akasema, "Tena ulinihalalishia. Ulitamka wa kwanza. Kilichozidi kwangu ni halali yangu."

Nikasema halali haiwi kwa mtu aliyefichwa. Hapo sauti yake ikabadilika.

"Nani alifichwa? Mie nilitolewa shule darasa la tano, nikaenda kubeba zege Kinyerezi ili wewe umalize. Miaka miwili, kila mwisho wa wiki naleta kwa baba, baba anapeleka shuleni kwako. Hukuwahi kuuliza zinatoka wapi. Sasa hilo nalo lete kamba ulipime."

Ni kweli, na nilijua, na nilikuwa nimejisahaulisha. Lakini baba ndiye aliyeamua yale, si mie, nilikuwa na miaka kumi. Nikataka kumwambia hivyo, badala yake nikakitupa kijiti, nikaondoka bila kumuaga shangazi. Mbaazi zote zile alizoleta. Kumbe mtu alikuwa anatafuta usingizi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefundisha eneo. Kwa mifano ya mistatili.

Jumamosi, 10 Mei

Nilimfuata shangazi nyumbani kwake. Hajui kusoma, na hesabu za ubaoni angeniambia nimemletea uchawi. Nimekata kalenda ya zamani, pembetatu yangu na pembetatu ya Salumu, kila sentimita mita moja. Nikamwambia, "Shangazi, tazama mwenyewe." Nikachukua kipande changu nikakipanga juu ya cha Salumu, nikachora kwa kalamu, nikakisogeza, nikachora. Pale kisipoingia kizima nilikikata vipande.

"Vinne," akasema.

"Vinne na nusu. Ustadhi alisema viwili."

Akavilainisha vile vikaratasi pajani, kimoja kimoja. Nikaona ameelewa, tena kuliko wote. Moyo ukanitulia. Nikajua sasa nimepata mtu.

Akasema, "Salumu ana watoto watano, na wa sita yuko njiani."

"Mafungu ya ustadhi hayahesabu watoto, shangazi."

"Wewe unaye mmoja. Tena wa kike, ataolewa, atakwenda kwa watu."

"Na mie? Mie nikaishi wapi?"

"Una mshahara wa serikali, Rukaiya. Mwenzio ana magoti tu, na magoti ya fundi tailizi unayajua." Kisha akakunja vile vikaratasi, akavitia kwenye fundo la khanga yake, akavichukua. "Ulitamka halali mbele ya Fatiha. Ukiitengua leo, mtazikana vipi? Nyie mko wawili tu duniani."

Huyu ndiye aliyeniogesha mama alipokufa. Nilikuwa namwona hakimu. Kumbe alikuwa na upande tangu siku ile ya mkeka, na upande wenyewe ni wa mtoto wa kiume, hauna hata sababu nyingine ya kutafuta. Nimemchukia leo, nisidanganye.

Jumatano, 14 Mei

Tangazo kwenye ubao wa serikali ya mtaa kule Pugu. Wapimaji wa urasimishaji wa viwanja wanaingia mtaani pale Jumamosi ya tarehe thelathini na moja. Watapima kwa mitambo na kuweka bikoni za zege, kila kiwanja na namba yake. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi, litabandikwa hapo hapo wananchi walisome. Bikoni zikishakaa, mpaka umekaa. Kuuhamisha tena ni mahakamani, na mie mahakamani nitakwenda na nini.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika, kwa mkono wangu, kwa hati ile ile ninayoandikia ubaoni: "Mimi mwalimu Rukaiya Kondo niligawa kiwanja cha marehemu baba yangu kwa kupima mzingo badala ya eneo. Kosa ni langu. Kwa kosa hilo nimepata skwea mita 120 badala ya 220. Kaka yangu alilijua kosa hilo siku ile ile na hakusema." Mjumbe Shomari alisoma mara mbili. Akaniuliza, "Madam, una hakika unataka hii ikae ubaoni?" Nikamwambia gundi iko wapi.

Akasema basi, siku ya wapimaji itabidi Salumu aape mbele ya watu kama alijua au hakujua.

Jumanne, 20 Mei

Mama mmoja kanisimamisha getini shuleni, ana daftari la mwanawe mkononi. "Madam shikamoo. Hivi ile hesabu uliyompa mwanangu kosa muhula uliopita, ilikuwa kosa kweli?" Nyuma yake wenzake wawili wameziba midomo kwa mitandio.

Mwalimu mkuu naye kaniita. Hakugomba. Amesema tu muhula ujao nifikirie kuhamia Uraia na Maadili, hisabati ipumue kidogo. Miaka kumi na minne, jamani.

Alhamisi, 22 Mei

Maji yameingia ndani, si kizingitini. Yamefika kwenye kiwiko cha mguu, yana rangi ya chai, yana harufu ambayo siiandiki. Najat na mie tumeshinda tunayachota kwa beseni. Vitabu vyake vya kidato cha pili vimeloa nusu. Hakulia, alikuwa anatenganisha kurasa moja moja. Nilitamani alie ili nimgombeze.

Sijamwambia lolote. Anajua msingi umesimama kwa sababu ya mvua. Nimemficha mwanangu ujinga wangu, na nimemficha aliyoyafanya mjomba wake, maana anampenda.

Jumapili, 25 Mei

Ubaoni mtu ameandika kwa kalamu pembeni ya pingamizi langu: 2/10. Jitahidi.

Alhamisi, 29 Mei

Wamekuja. Salumu na shangazi Tunu, hapa Kiwalani, wanaruka kutoka tofali hadi tofali uani, yeye kamshika shangazi mkono. Najat alikuwa shuleni. Nikawapa viti, mie nikakaa kitandani, miguu inaning'inia, maana sakafu bado ni tope.

Salumu alitazama kuta, palipoishia mstari wa maji. Akatazama mchoro wa Najat.

Shangazi ndiye aliyeanza. Akasema familia imekuwa gumzo. Salumu akaongeza, "Msikitini watu wananiuliza. Nikienda kazini wateja wananiuliza. Na Jumamosi Shomari anataka niape."

"Apa basi. Sema hukujua."

Akainamisha kichwa. Salumu si mwema, lakini si mtu wa kuapa uongo, na hapo ndipo nilipomshika. Nilifurahi, naandika ukweli. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Albano nilihisi niko juu.

Kisha shangazi akalitoa lile walilokuja nalo. Salumu atanipa mita nane za njiani. Kigingi kitatoka kwenye kumi, kitakwenda kwenye kumi na nane. Nyumba itaingia. Ila iwe zawadi. Niondoe pingamizi langu, niandike kwamba vipimo vya awali vilikuwa sahihi na tuligawana kwa haki, na kwamba kaka yangu, kwa mapenzi yake na kwa kumwonea huruma dada yake, amemmegea. Yatamkwe mbele ya watu, na mie nipokee mbele ya watu.

"Ni haki yangu," nikasema. "Huwezi kunipa zawadi ya haki yangu."

Salumu akasema, "Basi nenda na haki yako ubaoni. Mie nitakataa kuapa, Shomari atasema bila kiapo hakuna ushahidi, bikoni zitakaa palipo na kigingi. Saini yako iko pale."

Nikamgeukia shangazi. "Wewe ulisikia aliponiambia alijua. Ulikuwa unachambua mchicha, hatua tano. Sema ulisikia."

"Mie masikio yangu ya kizee," akasema.

Nikawaambia watoke. Wakatoka, tofali kwa tofali.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekokotoa mpaka kichwa kinauma. Theluthi ya njia yote ni mita kumi na nane na theluthi moja. Yeye kasema kumi na nane. Hata kwenye zawadi kanipunja, skwea mita nne. Sijui kama alikusudia. Mtu asiyekosea boksi mbili.

Nikikataa, nabaki na ukweli wangu na kiwanja cha choo. Nikikubali, mtaa mzima utajua kwamba Rukaiya alimzulia kaka yake, akakosea hesabu, kisha kaka akamsamehe na kumpa juu yake. Hilo ndilo litakaloandikwa na kugongwa mhuri. Nimemwangalia Najat anavyojisomea kitandani, vitabu vimevimba kama mikate, kakunja miguu asiguse chini.

Jumamosi, 31 Mei

Leo hakukunyesha.

Wapimaji walikuwa vijana wawili wenye mtambo kwenye miguu mitatu. Watu walijaa kuliko siku ya maziko ya baba. Walikuja kwa ajili ya kiapo, wengine wamebeba vigoda. Najat nilikuja naye, alitaka kuona bikoni.

Nilimwendea mjumbe Shomari kabla hajaita mtu. Nikamwomba karatasi yangu. Akaibandua ubaoni na ile 2/10 yake, akanipa, nikaichana. Kisha nikatia saini karatasi nyingine aliyokuwa ameshaiandika Salumu, au aliyoandikiwa. "Vipimo vilikuwa sahihi." Watu walioleta vigoda walinung'unika kidogo.

Salumu akasimama pale kwenye kigingi, kavaa kanzu. Akasema yeye na dada yake wamebaki wawili, hakuna ardhi ya kuwatenganisha, na ingawa mgawanyo ulikuwa wa haki, anammegea mita nane kwa mapenzi yake. Akaking'oa kigingi kwa mikono yake mwenyewe, akahesabu kwa sauti huku anatembea, moja hadi nane, akakipiga chini. Kijana wa mtambo akathibitisha: nane kamili. Wanawake wakapiga vigelegele. Wifi Naima hakupiga, alikuwa anatazama chini, na nilimshukuru kimoyomoyo. Shangazi Tunu akapaza sauti wote wasikie, "Mwanamume ndiye huyu. Kondo hakuzaa bure."

Wakanigeukia mie. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga usiku kucha. Salumu alininyooshea mkono. Nikaupokea kwa mikono miwili, kama anavyopokelewa mkubwa, nikasema, "Ahsante kaka. Mungu akuzidishie." Sauti ilitoka safi kabisa. Nikaona macho yake yananikimbia, kama ya mkewe siku ile ya uji. Hilo halinisaidii. Sikumsamehe, na sidhani kama nitamsamehe.

Wakachimba, wakamwaga zege, bikoni zikakaa. Albano alikuwa pembeni na uzi wake, akajaribu mambo ya kona zote nne hapo hapo. Yote yameingia. Akaninyooshea kidole gumba.

Najat alikimbia akamshika mjomba wake mkono akaubusu, akarudi kwangu macho yanang'aa. Tukasimama pale ambapo patakuwa chumba chake.

"Mama, mjomba ana roho nzuri, eh?"

Nikamwambia, "Nzuri sana, mwanangu."